Mfuko wa Manyoya

Zipu ililia gizani kidogo, ikakwama, ikalia tena. Jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika, na mvua ilikuwa imepumzika, kwa hiyo sauti ile ndogo ilisikika nyumba nzima. Hildegarda alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, tochi ya simu ameiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, akifunga mfuko wa kulalia wa mume wake.

Alifanya kama alivyomwona Lupakisyo akifanya miaka yote. Mfuko ule haukunjwi kama blanketi. Unashindiliwa ndani ya nailoni kwa ngumi, kuanzia upande wa miguu, na kila ukiingia kidogo unaukandamiza kwa goti ili pumzi itoke. Kisha shingo ya nailoni unaisokota, unaikunja irudi chini, unaifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli. Inafuata nailoni ya pili, ile ya ndani ya gunia la mbolea, iliyooshwa mpaka ikaisha harufu, nayo unaisokota vilevile. Ndipo mzigo uingie katikati ya begi la mgongoni, nguo ziuzunguke pande zote. Kuufunga nje ya begi ni kwa wanaotaka kupendeza kwenye picha. Lupakisyo alikuwa akisema manyoya ya bata yakilowa hayana tofauti na uji uliopoa. Hayampi mtu joto, na hayakauki mpaka jua lenyewe liamue.

Kazi yake ilikuwa upagazi. Aliwabebea mizigo wageni wanaotembea milimani, kwenye vilima vya Ukaguru juu ya Mamboya na upande wa Rubeho, mpaka magoti yakaanza kulalamika. Mgeni wake wa mwisho alikuwa mama mmoja mzee kutoka mbali. Walipoagana alimwachia mfuko huo, akasema yeye hatalala nje tena, na angependa ukae na mtu anayejua kuutunza. Lupakisyo aliutunza kuliko alivyowahi kutunza viatu vyake vya harusi. Ulikuwa mwepesi kama kikapu kitupu, lakini ukiingia ndani yake, baada ya muda mfupi unasikia joto linakupanda kama umekaa karibu na mtu.

Sasa Lupakisyo alikuwa Mikumi, na mfuko ulikuwa Kilosa.

Alikwenda huko msimu wa joto, na shati la mikono mifupi na kandambili, kutibiwa tumbo lililokuwa likijaa maji. Hildegarda alibaki kupanda mahindi, wakiamini atarudi kabla ya palizi. Madaktari walimtoa maji, yakarudi. Wakamtoa tena, yakarudi. Mwishowe daktari mmoja kijana alimwambia binti yao, Teresia, kwamba kilichobaki ni kumtunza tu. Teresia alipompigia mama yake kumweleza, Hildegarda aliuliza kama daktari alisema hayo akiwa amesimama au amekaa. Teresia akajibu kwamba daktari alivuta kiti akakaa. Basi kijana huyo amelelewa vizuri, Hildegarda alisema, halafu ndipo akalia.

Teresia alimchukua baba yake akamlaza kwenye chumba chake, nyuma ya banda lake la chakula pale Mikumi mjini. Masika yakaingia na baridi yake, na mgonjwa akaanza kutetemeka. Blanketi hakuliweza. Tumbo lilikuwa limevimba na ngozi imekaza, na uzito wowote ukimgusa anagumia. Teresia alimfunika kanga juu ya kanga. Zilikuwa nyepesi, ila joto hazikuwa nalo. Siku moja mzee aliomba simu.

"Mama Tere," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama mbali. "Blanketi linanilalia. Niletee ule mfuko wangu. Nataka nipate joto hata usiku mmoja tu, basi."

Hakuwahi kumwomba kitu kwa namna hiyo tangu amwoe.

Njia zilikuwa zimekatika. Kwa kuzungukia Dumila, magari yalikuwa yamelala barabarani yakisubiri maji yashuke. Reli ya zamani ilikuwa imefunikwa na matope, na ile mpya ilikuwa bado inajengwa. Kwenye barabara ya moja kwa moja kwenda Mikumi, mto ulikuwa umekula daraja. Lakini watu walisema kwa miguu inawezekana, mtu akivushwa, alale njiani, kesho yake atembee mpaka yanapofika magari ya upande wa pili. Hildegarda alikuwa na umri wa kuitwa bibi na kila mtu, ila miguu yake ilikuwa ya mtu aliyelima maisha yake yote. Aliamua kwenda.

Sikuzani, jirani aliyekuja kukabidhiwa kuku, alimwonya. Ng'ambo ya daraja hakuna kijiji, alisema, kuna wafugaji tu, wale waliotoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao. Akimpata wa kumlaza, alale na begi chini ya kichwa na mkanda umeuzungusha mkononi. Asilale usingizi wote. Hildegarda alimshukuru, kwa sababu alijua maneno yale yalitoka kwenye kumpenda.

Kijana wa bodaboda aliyempeleka mpaka kwenye daraja aliitwa Bryson. Mvua ilipoanza tena, alisimamisha pikipiki, akavua koti lake la mvua, akalifunika nalo begi. Hildegarda akamwambia ataugua. Bryson akasema yeye akilowa atajikausha kwa kukimbiza pikipiki, lakini mzigo wa mgonjwa haujui kukimbia. Alifika darajani meno yakigongana, na bado akashuka naye mpaka kwenye maji kumtafutia wa kumvusha.

Mto ulikuwa mwekundu, umebeba matawi. Wanaume wawili waliokuwa wakivusha watu walimweka katikati yao. Mmoja alitaka kulibeba begi begani, Hildegarda akakataa, akalitwika kichwani mwenyewe na kulishika kwa mikono yote miwili, akawaambia wao wamshike yeye. Maji yalimfika kifuani. Jiwe lilimteleza chini ya mguu, akazama mpaka kidevuni, lakini mikono haikushuka. Walipofika ukingo wa pili, yule mwanaume mkubwa zaidi alicheka, akamwambia mwenzake kwamba bibi huyu angekufa maji mzigo wake ukabaki umesimama.

Alitembea mchana kutwa. Matope yalikuwa yakinyonya viatu, akavivua. Alipita mashamba ya mpunga yaliyogeuka ziwa, na mara moja alimpisha tembo dume aliyekuwa amesimama barabarani kama mtu anayesubiri basi. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha. Kila alipopumzika aliingiza mkono ndani ya begi na kupapasa nailoni ya ndani. Kavu. Anasimama, anaendelea.

Jioni aliona moshi, na boma la ng'ombe, na nyumba mbili za udongo zenye bati. Mwanamke mnene mwenye uso wa kucheka alitoka jikoni na ungo kichwani kujikinga mvua. Alipiga goti kwenye matope yale yale.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Naomba kujikinga mvua."

"Mvua hii haikingwi, bibi. Unaisubiri ndani, unakula, unalala."

Huyo ndiye alikuwa Mama Shimba. Mume wake, Seni, alikuwa anamalizia kuwafungia ndama. Watoto wao wakubwa walikuwa machungani mbali na ng'ombe wengine. Mama Shimba alimpokea Hildegarda begi kabla hajasema kitu, akamwosha miguu kwa maji ya moto kwa mikono yake, akampa gauni lake kavu ambalo lingetosha watu wawili. Alimpa wali na maziwa mgando. Hildegarda alikula akiona aibu kwa kila aliyewahi kumsikia akiwasema watu hawa, akiwemo yeye mwenyewe.

Baada ya chakula aliomba begi lake. Lupakisyo alikuwa na sheria kwamba mfuko ukikaa siku nzima umebanwa, jioni uufungue upumue, kwa sababu hata pumzi ya mtu inabaki ndani ya manyoya. Aliutoa mbali kidogo na moto, ili cheche isiutoboe. Mfuko ulivimba taratibu mbele ya macho yao kama maandazi ndani ya mafuta. Ulikuwa mkavu kabisa. Siku ile nzima Hildegarda hakuwa amefurahi, lakini wakati huo alifurahi. Alimwona Lupakisyo ameingia ndani yake, kidevu tu nje, ameacha kutetemeka.

Mama Shimba aliuinua kwa kidole kimoja. Akauliza ndani kuna nini. Hildegarda alipomwambia ni manyoya ya kifuani mwa bata, Seni alitikisa kichwa.

"Bata wote hao wamekufa ili mzungu mmoja asisikie baridi."

"Na sasa watamfaa mume wa mtu," mke wake alisema. "Wewe kunywa maziwa yako."

Hildegarda aliwasimulia habari za mgonjwa, na blanketi linavyomuumiza, na mto, na jinsi alivyoogopa maji yasiingie. Mama Shimba alisikiliza huku akipitisha kiganja kwenye kitambaa. Kilikuwa na doa jeusi upande wa kichwa, la jasho la miaka, na harufu ya moshi na ya panya, kwa kuwa mfuko ulikaa muda mrefu juu ya dari. Aliona maji ya mto ule, aliona matope yake, akaelewa kwa nini mtu hataki yaguse matandiko ya mgonjwa. Hilo ndilo alilolielewa, kwamba kinachoogopwa ni uchafu.

Wakati wa kulala, Mama Shimba alibeba begi na mfuko kuvipeleka chumbani kwake. Ndivyo walivyozoea. Mzigo wa mgeni hulala kwa wenye nyumba, ili kikipotea kitu waulizwe wao. Hildegarda alifungua mdomo. Alitaka kuomba mfuko ukae kwake, alale ameukumbatia. Alitaka pia kusema usiguswe na maji, hata kidogo. Kisha akakumbuka maneno ya Sikuzani, akaona wazi mama huyu atasikia nini, kwamba hata baada ya kuoshwa miguu, mkulima bado anamwona mfugaji ni mwizi. Akafunga mdomo. Akamtakia usiku mwema.

Alilala usingizi mzito. Kabla hakujakucha alisikia maji yakimiminwa kwenye beseni, na sauti ya nguo ikifikichwa, fiki fiki fiki, nje karibu na ukuta. Akiwa nusu usingizini alifikiri kwamba hii ni nyumba yenye baraka, mwanamke anaamka kabla ya jogoo. Alijigeuza akalala tena.

Kulipopambazuka alitoka nje. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Chini ya upenu, kwenye kamba ya kuanikia, mfuko wa Lupakisyo ulikuwa unaning'inia. Ulikuwa umesinyaa na kuwa mwembamba, umejaa mabonge kama mguu wenye majipu, na maji yalikuwa yakichuruzika kwenye ncha yake na kuchimba shimo dogo ardhini. Doa la jasho lilikuwa limetoka lote.

Mama Shimba alikuja akijifuta mikono. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imejikunja kwa kukaa ndani ya maji. Alisema mama mkwe wake alimfundisha kwamba mtu anayekwenda kwa mgonjwa akilala kwako, haondoki na nguo chafu, unamfulia, kwa sababu mikono yako inakwenda pamoja naye kumwona. Alikuwa ametumia sabuni ya unga yote iliyokuwepo. Wameukamua vizuri, yeye na Seni, kila mmoja na upande wake. Ilimshangaza kidogo kwamba kitu chepesi vile kimekunywa maji mengi vile, lakini wangekiweka juu ya moto, na mpaka saa ya chai kingekuwa tayari.

Hildegarda aliushika. Chini ya vidole vyake manyoya yalikuwa yameshikana kama unga uliomwagikiwa maji. Palipokuwa na mishono ya ndani iliyoyatenganisha, hakuna kilichotenganisha tena. Ilikatika wakati wa kukamua. Alisimama pale akiwa ameushika. Alijua kila kitu cha kusema. Kisha aliangalia tena vile vidole vilivyojikunja.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Umeamka mapema."

Walijaribu. Waliuweka jikoni, wakaugeuza, Hildegarda akifumua mabonge kwa vidole kupitia kitambaa, moja baada ya jingine. Ukisogea karibu na moto kitambaa kinaanza kunywea. Ukisogea mbali hakuna kitu. Mama Shimba alisema tu kwamba huu unachelewa, una kina. Kisha simu ya Hildegarda iliita. Alikuwa Teresia. Baba hakulala, alisema, na ameuliza mama amefika wapi. Hildegarda akasema anakuja.

Waliufunga ukiwa mbichi. Seni aliufunga kwenye baiskeli yake, akaisukuma kwenye matope mwendo wote mpaka yalipokuwa magari, wakati ng'ombe wake walikuwa hawajakamuliwa. Mama Shimba alimpa mgeni chupa ya maziwa, akamwambia ampe mgonjwa kidogo kidogo, kwa kuwa ni ya jana, siyo ya leo. Hildegarda alikaa kwenye gari na begi mapajani. Maji yalipenya nailoni, yakapenya gauni, yakamfika kwenye ngozi. Safari nzima alikuwa amelinda maji yasiingie. Sasa nailoni ilikuwa inayalinda yasitoke.

Chumba cha Teresia kilinuka mafuta ya taa na vitunguu. Lupakisyo alikuwa amelala chali, mikono imekuwa fito, tumbo juu kama mlima wake mwenyewe. Alimtazama mkewe, halafu akatazama begi, na macho yake yakawa ya mtoto anayeletewa zawadi. Hildegarda alitamani kurudi alikotoka. Aliutoa mfuko, akauweka karibu na mkono wake, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kumwambia.

Lupakisyo aliupapasa. Alipapasa bonge moja, akahamia la pili.

"Mto?" aliuliza.

"Mtoni ulipita mkavu."

"Mvua?"

"Na mvua pia."

Akamsimulia, huku Teresia amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Teresia alisema neno baya juu ya wafugaji. Baba yake aliinua kidole kumnyamazisha. Alikuwa bado anatetemeka ule mtetemeko mdogo usiokoma.

"Waliukamua?"

"Watu wawili. Kila mmoja na upande wake."

Tumbo lilitikisika. Alikuwa anacheka, na kucheka kulimuuma, machozi yakamtoka pembeni ya macho. Aliuvuta upande wa kichwa mpaka puani.

"Unanukia nguo za Jumapili," alisema. Baadaye, alipopata pumzi, "Ukirudi, usimwambie yule mama."

Waliuanika chini ya paa la banda, kwenye viti, juu ya mlango. Mvua ya Mikumi ilikuwa haina haraka. Dereva mmoja wa lori la miwa la kule Kidodi, mteja wa Teresia, aliwaona wakifumua manyoya kwa vidole, akauliza, akaambiwa. Aliuchukua, akautandaza ndani ya lori lake, akawasha injini na hewa ya moto, akakaa humo mchana mzima akitokwa jasho kama aliyepandwa na homa. Aliurudisha ukiwa mkavu kwa nje. Walipoubonyeza, ndani ulikuwa bado una ubaridi. Aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeulowesha. Teresia alimpa sahani ya wali na maharage, na hakumalizia yale maneno yake juu ya wafugaji tena.

Usiku Hildegarda alilala nyuma ya mume wake, kifua chake kwenye mgongo wake, magoti nyuma ya magoti, akampa joto alilokuwa nalo. Halikutosha. Aliusikia mtetemeko ukipita kwenye mifupa ya mume wake na kuingia kwenye ya kwake, kama gari kubwa linapita barabarani na vyombo kabatini vinagongana. Aliwahi kumsikia akisema kwamba mlimani, mtu anayetetemeka bado yuko vizuri, anayetakiwa kuogopewa ni yule aliyeacha. Kwa hiyo kila mtetemeko ulipopungua yeye alishtuka, na ulipoanza tena alishukuru, na huku akishukuru alijua anashukuru mateso ya mtu.

Alimpa yale maziwa kwa kijiko. Aliyameza kidogo, akauliza yametoka wapi, akaambiwa. Akasema ni mazuri.

Aliacha kutetemeka alfajiri ya Alhamisi. Mfuko ulikuwa kwenye viti viwili nje ya mlango, mbichi ndani.

Walimzika Mikumi. Jeneza lisingeweza kuvushwa mto, na hakuna aliyejua daraja litatengenezwa lini. Aliyetembea milima yote ile alilazwa mahali tambarare, karibu na barabara kuu, ambapo malori hayalali. Katekista aliyeongoza sala hakumfahamu marehemu, lakini alikuja mapema akamuuliza Hildegarda habari zake, na kaburini alitaja Mamboya na Rubeho kama mtu aliyefika.

Siku chache baada ya maziko, jua lilitoka. Lilitoka bila kuomba msamaha, kali, anga yote bluu, matope yakaanza kupasuka. Teresia aliupandisha mfuko kwenye bati la banda kwa sababu ulikuwa unamzuia njia. Mchana Hildegarda alipanda ngazi kuutazama. Ulikuwa umevimba. Si wote, kulikuwa na sehemu zilizobaki tupu, kitambaa kwa kitambaa, na nyingine zenye mlima. Lakini pale yalipokuwepo, manyoya yalikuwa yamefunguka, na alipouingiza mkono ndani, joto lilimpanda mpaka kwenye kiwiko. Alikaa juu ya ngazi, mkono umo ndani, mpaka Teresia alipomwita ashuke asije akaanguka.

Alirudi Kilosa wiki ile, kwa njia ile ile, maana gari la Dumila alilolisikia limepita lilikuwa limekwama tena. Usiku wa kuondoka aliufunga mfuko. Hakukuwa na sababu ya kuufunga vizuri. Hata hivyo aliushindilia kwa ngumi kuanzia miguuni, akatoa pumzi kwa goti, akasokota shingo ya nailoni, akaikunja, akaifunga kwa mpira. Kisha nailoni ya pili. Teresia alimtazama, akamsaidia kuvuta zipu ya begi.

Alifika kwa Mama Shimba mchana, na chupa ya maziwa aliyoiosha ikiwa imefungwa kwenye kanga. Mama Shimba alimwona kwa mbali, akamwona alivyojifunga kichwa, akaelewa. Alikuja mbio, akapiga goti, akamshika mikono yote miwili, na wakakaa chini pale pale uani, kwenye jua, wakalia kidogo. Seni alitoa kofia akasimama pembeni. Hakuwa na mzaha siku hiyo.

Mama Shimba alimpokea begi. Akaulizia mfuko. Hildegarda aliufungua, ukavimba mbele yao kama mara ya kwanza, na mwanamke yule alifurahi machozi yakiwa bado usoni. Alisema anaona ulikauka vizuri. Alisema alikuwa na wasiwasi, kwa sababu ulichelewa mno. Halafu akauliza jambo ambalo Hildegarda alikuwa amelisubiri tangu Mikumi.

"Alipata joto, bibi?"

Hildegarda alitazama vidole vya mwenyeji wake. Vilikuwa vimekauka, vya kawaida, vyenye nyufa za kazi.

"Aliuweka puani," alisema. "Akasema unanukia nguo za Jumapili. Na maziwa yako alikunywa, akasema ni mazuri."

Mama Shimba aliinamisha kichwa akashukuru kwa lugha ya kwao, neno moja, wabeja, halafu akalirudia. Kama aliona kwamba swali lake halijajibiwa, hakuuliza mara ya pili. Alimlisha mgeni, akamlaza, na begi lilikwenda kulala chumbani kwake kama kawaida. Safari hii Hildegarda hakufungua mdomo. Hakukuwa na kitu cha kulindwa tena.

Asubuhi Seni aliandaa baiskeli ya kumsindikiza mpaka mtoni. Mama Shimba alijaza ile chupa maziwa, akaifunga kwenye kanga ile ile, akatembea nao mpaka mwisho wa shamba la mpunga. Pale alisimama, akashika ukingo wa begi kama anayeshika mkono wa mtu.

"Bibi, chupa hiyo ni yangu," alisema. "Utairudisha lini?"

Hildegarda aliinua macho. Mbele yake kulikuwa na mto, na ng'ambo ya mto nyumba ambayo ndani yake hakuna aliyekuwa akimsubiri.

"Hata kama huna safari," Mama Shimba alisema. "Hata kama hakuna mgonjwa. Njoo tu."